Guadeloupe: visiwa vya Karibea ambavyo ni Ufaransa, na kwa nini ukifuata bichi tu utakuwa hujaviona

Watu wengi wakisikia Karibea akili inakimbilia Jamaika na reggae, basi. Lakini ukiangalia ramani, ule mlolongo wa visiwa vidogo vinavyojipinda kutoka Puerto Rico kushuka mpaka Trinidad, katikati pale kuna funguvisiwa linaitwa Guadeloupe, na hapo ndo maswali yanaanza. Ni nchi? Rais wake nani? Mbona wanatumia euro? Mbona wana timu yao ya mpira inayocheza Gold Cup, kombe la mataifa ya ukanda huo, halafu Lilian Thuram aliyezaliwa Pointe-à-Pitre, mji wao mkubwa, kabeba Kombe la Dunia la 1998 akiwa na jezi ya Ufaransa?

Jibu fupi ni kwamba Guadeloupe si nchi, ni mkoa wa Ufaransa. Sio koloni, sio nchi rafiki, ni mkoa kabisa tangu tarehe 19 Machi 1946. Mtoto anayezaliwa pale ni Mfaransa sawasawa na wa Lyon, anampigia kura rais wa Paris, anasoma mtaala uleule, ana bima ya afya ileile, na posta ni ileile ya rangi ya njano. Ni sehemu ya Umoja wa Ulaya pia, ila haimo kwenye Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na hiyo tutarudi nayo maana ndo inawakwamisha wasafiri wetu. Kwenye mpira, Guadeloupe ni mwanachama wa CONCACAF, shirikisho la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibea, lakini sio wa FIFA, kwa hiyo Jocelyn Angloma aliyewahi kuichezea Ufaransa aliweza kuja kuvaa jezi ya nyumbani kwao Gold Cup ya 2007, wakafika nusu fainali, mahali penye watu kama laki nne tu.

Kama bado inakuchanganya, fikiria Mayotte, hapo kwa majirani zetu Wangazija. Mayotte nayo mwaka 2011 iligeuka kuwa mkoa wa Ufaransa kwa mtindo huohuo, na pale watu wanaongea Kishimaore ambacho Mswahili akitega sikio anaambulia maneno mengi tu. Yaani bahari mbili tofauti, bendera moja, na mizozo inayofanana sana.

Sasa visiwa vyenyewe. Vikubwa ni viwili, vimegawanywa na mkono mwembamba wa bahari unaoitwa Rivière Salée, na madaraja yanaviunganisha, kwa hiyo unaendesha gari kutoka kimoja kwenda kingine bila hata kushtuka. Wenyewe wanasema umbo lake ni kipepeo. Bawa la magharibi ni Basse-Terre, milima, misitu, volkano, mvua. Bawa la mashariki ni Grande-Terre, tambarare ya mawe ya chokaa, mashamba ya miwa, bichi nyeupe na hoteli nyingi. Makao makuu ya mkoa ni mji mdogo nao unaitwa Basse-Terre, chini ya volkano, lakini pilikapilika zote, bandari na biashara, ziko Pointe-à-Pitre, na uwanja wa ndege uko pembeni yake, Les Abymes.

Kando kuna vidogo, na kila kimoja kina tabia yake. Marie-Galante ni mviringo, miwa, pombe ya rum na mikokoteni ya maksai ambayo mpaka leo haijatoweka. Les Saintes ni kikundi cha visiwa vikavu ambavyo miwa ilikataa kuota, kwa hiyo hapakuwa na mashamba makubwa ya watumwa, na ndo maana wakazi wengi wa Terre-de-Haut ni wavuvi wenye asili ya Brittany na Normandy, kule Ufaransa ya Ulaya. La Désirade ni kirefu chembamba, karibu kilomita 11, kwa zaidi ya miaka 200 walikuwa wanapelekwa wagonjwa wa ukoma. Halafu Petite-Terre, visiwa viwili visivyo na watu, vina iguana na kasa tu, hifadhi tangu 1998. Saint-Barth na Saint-Martin zilikuwa chini ya Guadeloupe mpaka 2007, sasa kila moja ina utawala wake ndani ya Ufaransa, kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinazichanganya humo usishangae.

Nimegusa miwa mara kadhaa sasa, na sio bahati mbaya. Mimi naona ukitaka kuielewa Guadeloupe uanzie kwenye sukari, manake karibu kila kitu utakachokula, utakachosikia na utakacholipia pale kimepitia kwenye sukari.

Columbus alifika Novemba 1493, safari yake ya pili, akaipa jina la nyumba ya watawa ya Guadalupe kule Hispania. Wenyeji Wakalinago walikuwa wanaiita Karukera, na jina hilo bado unalikuta kwenye mabango na majina ya biashara. Wafaransa waliingia 1635, Wakalinago wakauawa na kufukuzwa, miwa ikapandwa, na meli zikaanza kuleta watu kutoka Afrika. Sukari ililipa kiasi kwamba mwaka 1763 baada ya kushindwa vita na Waingereza, Ufaransa ilipotakiwa kuchagua ibaki na nini, iliachia Kanada ikarudishiwa Guadeloupe na Martinique. Kanada nzima kwa visiwa viwili vya miwa. Hesabu hiyo inakwambia watu waliokuwa kwenye yale mashamba walikuwa wanatoa jasho la kiasi gani.

Halafu inakuja sehemu ambayo naomba mtu yeyote anayepanga kwenda aijue kabla hajapanda ndege. Utumwa Guadeloupe ulifutwa mara mbili. Mara ya kwanza ni 1794, Mapinduzi ya Ufaransa yalipofika kisiwani na Victor Hugues, mjumbe wa serikali ya mapinduzi, watu wakawa huru miaka minane, wakaingia jeshini, wakapanda vyeo. Mwaka 1802 Napoleon akatuma jeshi chini ya Jenerali Richepance kurudisha mambo yalivyokuwa. Kanali Louis Delgrès, mtu wa rangi mzaliwa wa Martinique, afisa wa jeshi hilohilo la Ufaransa, akakataa. Tarehe 10 Mei akatoa tangazo lake kwa ulimwengu wote, na tarehe 28 Mei, akiwa amezingirwa kule Matouba kwenye miteremko ya volkano pamoja na wanaume kwa wanawake kama 300, wakawasha baruti wakajilipua kuliko kurudishwa minyororoni. Kauli yao ilikuwa kuishi huru au kufa, na waliitimiza. Mwanamke aitwaye Solitude, aliyepigana akiwa mjamzito, alikamatwa, wakamsubiri ajifungue, kesho yake wakamuua, Novemba 1802.

Utumwa ukarudi, na ukakaa miaka mingine 46, mpaka tarehe 27 Mei 1848. Na ulipofutwa hiyo mara ya pili, waliolipwa fidia ni mabwana, waliokuwa watumwa hawakupata hata senti. Leo tarehe 27 Mei ni sikukuu, maduka yanafungwa. Pale Pointe-à-Pitre, kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda cha sukari cha Darboussier, kuna jumba la kumbukumbu linaitwa Mémorial ACTe, limefunguliwa 2015, na kama una nusu siku moja tu ya mjini, itumie hapo. Na huko kaskazini, Petit-Canal, kuna ngazi ndefu za mawe zenye vibao vya majina ya makabila ya Kiafrika, Wayoruba, Waigbo, Wakongo na wengine, unapanda huku unasoma.

Wakongo hao wengine walifika hata baada ya 1848. Mashamba yalikosa vibarua kwa hiyo wakachukuliwa watu kutoka maeneo ya Kongo kwa mikataba ambayo ni vigumu kuitofautisha na utumwa, na Capesterre-Belle-Eau bado kuna ukoo unaoimba nyimbo za mababu wa Kikongo kila siku ya Watakatifu Wote. Kutoka India napo, kuanzia Desemba 1854 meli ya kwanza ilipotia nanga, walikuja watu kama 42,000 mpaka 1889, wengi Watamil. Msomaji wa Mombasa au Dar atakuwa ameshashtuka, manake na kwetu reli ilijengwa kwa mtindo huo wa mikataba na Wahindi. Ila kule hawakuhesabiwa kuwa raia mpaka 1923, baada ya Henry Sidambarom kupigania haki hiyo mahakamani karibu miaka 20.

Ndo maana chakula cha taifa la pale, kama nikiruhusiwa kuliita taifa, ni kolombo, mchuzi wa mbuzi au kuku wenye bizari, giligili, binzari nyembamba, uwatu na haradali, unamwagwa juu ya wali. Mzanzibari akiuonja ataanza kudai ni wa bibi yake. Mashelisheli pia yapo, ndizi za kupika, magimbi, samaki wa chumvi. Lakini chakula cha barabarani ni bokit. Unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta kidogo na hamira, donge linalala mpaka liumuke, linasukumwa mduara kama kiganja kilichofunguliwa, linatumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka na hapohapo linavimba kama mandazi ila halina sukari. Likitoka linapasuliwa ubavuni likiwa bado linafuka moshi, linajazwa kuku au samaki wa chumvi, saladi, na pilipili ambayo muuzaji anakuuliza kwanza unataka kiasi gani. Jibu kwa uangalifu. Vigari vya bokit vinatoka jioni kando ya barabara na foleni yenyewe ndo inakwambia nani anajua kazi. Na ukifika kwenye foleni usianze na oda, salamu kwanza, bonjou, hata kwenye duka unaingia unasalimia wote waliomo, asiyesalimia anahesabiwa hana adabu na atahudumiwa kama alivyojileta. Hapo Mswahili hatapata shida.

Mwezi Agosti, karibu na siku ya Mtakatifu Laurent, kina mama wapishi wanafanya sherehe yao Pointe-à-Pitre, chama chao kimeanza 1916 kama chama cha kuzikana na kusaidiana. Wanavaa magauni ya kitambaa cha madras, ile miraba ya rangi iliyotokea India, vilemba, dhahabu, wanabeba vikapu vya vyakula kwenda kanisani vibarikiwe, halafu ni kula na kucheza. Ukipata nafasi ya kuchagua tarehe, chagua hiyo, hata kama ni msimu wa mvua.

Muziki sasa. Huku kwetu tunaijua zouk, na kwenye Bongo Fleva mtu akisema biti hii ni zouk kila mmoja anaelewa, lakini wachache wanajua kwamba zouk imetengenezwa na watu wa Guadeloupe na Martinique, kundi la Kassav' lililoanzishwa 1979 na Pierre-Édouard Décimus pamoja na Jacob Desvarieux, wakaizungusha Afrika nzima miaka ya 80, Kongo mpaka Angola. Chini ya zouk kuna kitu kikubwa zaidi, gwoka. Ni ngoma, uimbaji na uchezaji, UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake mwaka 2014. Ngoma zenyewe zinaitwa ka, zamani zilitengenezwa na mapipa yaliyoletea nyama ya chumvi na vyakula vingine, yamefunikwa ngozi ya mbuzi. Kuna boula zinazoshika mdundo bila kuyumba, na kuna makè, ndogo, ya sauti ya juu, inayoongea.

Kinachonigusa kwenye gwoka ni namna mpangilio unavyogeuzwa. Watu wanafanya duara, mwimbaji anatoa mstari, duara linaitikia, mchezaji mmoja anaingia katikati na kusimama mbele ya makè, na hapo sio mchezaji anayemfuata mpigaji, ni mpigaji anayemfuata mchezaji. Mguu ukiteleza anaupigia, bega likikatika analipigia, mchezaji anajifanya anaanguka halafu anaghairi na mpigaji lazima awe ameshaliona hilo kabla halijatokea. Midundo ya msingi ni saba, kuna wa mavuno, wa huzuni, wa mapenzi, wa vita. Kwa muda mrefu kanisa na watu wa tabaka la juu waliudharau kuwa muziki wa watu wa porini, na shuleni Kikrioli, lugha yao ya nyumbani, kilikatazwa, mpaka vijana wa miaka ya 60 na 70 walioutaka uhuru wakaushika kama bendera. Mpigaji Vélo, aliyekufa fukara 1984, leo ana sanamu kwenye mtaa wa waenda kwa miguu Pointe-à-Pitre, na Jumamosi asubuhi wapigaji bado wanakutana mtaani hapo. Usiku wa léwoz, yaani mkesha wa gwoka, mara nyingi Ijumaa, kijiji kinakesha. Mgeni anakaribishwa, ila kaa pembeni ya duara, itikia na wenzako, na usiingie na simu usoni mwa mtu.

Haya, maumbile. La Soufrière, volkano hai, mita 1,467, ndo kilele cha juu kabisa kwenye Antili Ndogo, yaani ule mlolongo wa visiwa vidogo vya mashariki ya Karibea. Wenyeji wanaiita Bibi Mzee na wanaiheshimu hivyo. Mwaka 1976 ilipoanza kutoa mvuke na majivu, serikali ilihamisha watu zaidi ya 70,000 kwa miezi kadhaa, wanasayansi wakagombana hadharani, Haroun Tazieff akisema hakuna hatari, Claude Allègre akisema ondoeni watu, na mwisho mlipuko mkubwa haukuja. Wapo waliodai ilikuwa hofu ya bure. Mimi sikubaliani, kwa sababu jirani yao Montserrat volkano ilipoamka 1995 iliuzika mji mkuu wake Plymouth. Njia ya kupanda inaanzia Bains Jaunes, kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu, kama saa mbili kwenda juu kwa mwendo wa kawaida, juu kuna ukungu, upepo na harufu ya salfa, na baadhi ya sehemu za kilele zimefungwa kwa sababu ya gesi zenye asidi, hizo kamba usizivuke. Kwenye mabwawa yote ya maji moto usizamishe kichwa, vibao vipo, ni kwa sababu ya amiba hatari inayoingilia puani.

Msitu unaoizunguka ni hifadhi ya taifa tangu 1989. Maporomoko ya Carbet yako matatu, la pili lina mita 110 na ndo rahisi kulifikia. Baharini, upande wa magharibi, Bouillante, kuna visiwa vidogo vya Pigeon ambako Jacques Cousteau, mpiga mbizi maarufu wa Ufaransa, alipiga mbizi akapasifia, leo eneo la matumbawe linalindwa, na kasa unawaona hata kwa miwani ya kuogelea tu pale bichi ya Malendure. Kaskazini, kati ya mabawa mawili, kuna ghuba ya Grand Cul-de-Sac Marin, mikoko na mwamba wa matumbawe wenye urefu wa kilomita 25 hivi, unaizunguka kwa mtumbwi au boti ndogo.

Kinyume na picha hizo kuna jambo wanalolia nalo mpaka leo. Kuanzia 1972 mashamba ya ndizi yalipigwa dawa ya klodekoni kuua fukusi wa migomba. Marekani ilishaachana nayo miaka hiyohiyo ya 70 baada ya wafanyakazi wa kiwanda kudhurika. Ufaransa ikaipiga marufuku 1990, lakini visiwa vikapewa kibali maalum kuendelea mpaka 1993. Dawa hiyo inakaa ardhini miaka mingi sana, imeshuka mitoni na baharini, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa Guadeloupe na Martinique wanayo kwenye damu. Tangu 2021 saratani ya tezi dume inatambuliwa kuwa ugonjwa wa kazini kwa wafanyakazi wa mashamba waliodhurika na dawa hizo, lakini Januari 2023 majaji wa Paris walifunga kesi bila mtu kushtakiwa. Hapo ndo unaelewa kwa nini mtu ana pasipoti ya Ufaransa mfukoni na bado anaona hahesabiwi. Kwa mgeni, kuogelea hakuna tatizo, na vyakula vya madukani vinapimwa, ila samaki na viazi vya kando ya barabara kusini mwa Basse-Terre uliza vimetoka wapi, na sehemu fulani za pwani hiyo uvuvi umekatazwa.

Hasira hiyohiyo iko kwenye bei. Karibu kila kitu kinaletwa kwa meli kutoka Ulaya, kuna ushuru wa bahari unaoongezwa juu yake, biashara ya jumla iko kwa wachache, na vyakula dukani ni ghali kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko Ufaransa ya Ulaya. Mwaka 2009 visiwa viligoma siku 44 kwa ajili ya gharama za maisha. Kwa hiyo bajeti yako iwe ya Paris na zaidi, labda ule sokoni na kwenye vigari vya bokit.

Viza: ya Schengen ya kawaida haitoshi, manake niliyosema, mkoa uko Umoja wa Ulaya lakini nje ya Schengen. Omba ubalozi wa Ufaransa na utaje wazi kwamba unaenda Guadeloupe, ili viza iandikwe hivyo, na hata kama unaishi Ulaya uliza kwanza kibali chako kinakuruhusu au la. Ndege nyingi zinatoka Paris, hasa Orly, saa nane na ushee mpaka tisa angani. Msimu mzuri ni Desemba mpaka Mei. Kuanzia Juni mpaka Novemba ni mvua na vimbunga, na Hugo cha Septemba 1989 wazee bado wanahesabu nacho miaka. Tangu 2011 pia kuna mwani wa sargasamu unaoletwa na mikondo kwenye pwani za mashariki na kusini, unaoza na kunuka, siku hizo hamia bichi za magharibi, kama Grande Anse ya Deshaies. Mabasi ni ya kubahatisha, jioni na Jumapili ndo hamna kabisa, kodi gari.

Bichi ukiona mti wenye mstari mwekundu shinani, ni mansinilia, una utomvu unaounguza ngozi na tunda dogo la kijani linalofanana na tufaha lenye sumu kali. Usikae chini yake hata kama mvua inanyesha, yaani hasa kama mvua inanyesha, kwa sababu matone yanaubeba ule utomvu mpaka kwako.

Na tenga angalau siku mbili za Marie-Galante. Feri kutoka Pointe-à-Pitre ni kama saa moja, unashuka Grand-Bourg, pale viwanda vya rum vinakamua juisi ya miwa yenyewe badala ya molasi na chupa zinafika digrii 59, magofu ya vinu vya upepo yamesimama kila kona, na ukibahatika unakuta mashindano ya maksai kuvuta mzigo mlimani. Les Saintes inatosha siku moja, kutoka Trois-Rivières ni dakika 20 hivi. La Désirade unapandia Saint-François, na huo mkondo unapiga kwelikweli, kwa hiyo kunywa kidonge cha kichefuchefu kabla feri haijang'oa nanga.